Muulize Shangazi: Theluji imeanguka, watoto wanataka nje, na mama mkwe kashika funguo

Haya jamani, baridi imefika na sanduku la barua limejaa. Karibu kila aliyeandika mwezi huu anauliza kitu kilekile kwa sura tofauti, tutoke nje na hawa watoto au tukae ndani mpaka jua lirudi? Msimamo wangu mnaujua, tokeni. Ila kuna namna ya kutoka, na wengi wenu mnatoka vibaya ndo maana mnarudi mnalia. Barua nyingine nimezikata, samahani, kuna mtu kaandika kurasa nne na swali liko mstari wa mwisho.

SWALI: Shangazi shikamoo. Nina watoto wawili, wa miaka 4 na 7. Tukitoka kucheza kwenye theluji nawavalisha mpaka wanashindwa kukunja mikono, soksi pea mbili, sweta mbili, jinzi, na jaketi kubwa juu. Dakika ishirini haziishi wameshaanza kulia, vidole vya miguu kama mawe, tunarudi ndani. Watoto wa jirani wanakaa nje saa nzima wanacheka tu. Nakosea wapi? – Mama wa Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Hujawavalisha nguo chache, umewavalisha nguo zisizo zenyewe. Shida yako ni pamba. Jinzi ni pamba, soksi hizo ni pamba, na fulana ya ndani bila shaka pamba pia. Mtoto akikimbia anatoka jasho hata kama nje ni barafu tupu, na pamba inalinywa lile jasho lote halafu inakaa nalo, sasa akisimama kidogo tu kupumzika anakuwa amevaa maji. Na maji yanapitisha joto karibu mara 25 kuliko hewa iliyotulia, yaani joto la mwili linamkimbia huku unaona. Ukimwongezea sweta la pili umeongeza jasho, ndo unazidi kumgandisha.

Nayajua haya kwa sababu nimeyafanya. Msimu wangu wa kwanza wa theluji nilimvalisha mwanangu jinzi juu ya pajama nikajiona mama bora kuliko wote, akapiga magoti akichimba sijui anatafuta nini, theluji ikayeyuka magotini, upepo ukaja ikaganda tena. Tulivyorudi nikamvua ile suruali mlangoni nikaiweka chini, ikasimama. Yenyewe! Imekunja magoti kidogo kama mtu anayesubiri basi. Mtoto analia, mimi sijui nicheke au nilie naye.

Sasa fanya hivi. Nguo inayogusa ngozi iwe ya sufu laini au poliesta, zile za kubana za michezo zinafaa kabisa, kazi yake ni kuliondoa jasho mwilini. Juu yake weka kitu kinachoshika hewa, sweta la sufu au flisi. Juu kabisa ovaroli, au jaketi na suruali, visivyopitisha maji wala upepo. Basi, tatu zinatosha, hiyo ya katikati ndo unaongeza au kupunguza kulingana na siku. Soksi pea moja tu ya sufu. Pea mbili ndani ya kiatu kinachobana zinakaba damu, na zinaiminya ile hewa ambayo ndiyo ilitakiwa itunze joto, sasa vidole visiwe mawe kwanini? Kiatu kiwe na nafasi vidole vicheze. Na glovu za vidole vitano kwa mtoto wa miaka 4 achana nazo utazeeka unamvalisha, mchukulie zile ambazo kidole gumba kina chumba chake na wengine wote wanalala pamoja, wanapashana joto. Beba pea ya akiba mfukoni maana ya kwanza italowa, hilo tusibishane.

Halafu jifunze kupima. Ingiza mkono nyuma ya shingo yake, chini ya kola. Ukikuta jasho fungua zipu au punguza nguo, ukikuta pa baridi ongeza. Pua na mashavu visikutishe, hivyo huwa vya baridi tu. Na mtoto akitoka mlangoni anatakiwa asikie kibaridi kidogo, akitoka huku tayari ana joto la kutosha basi dakika tano za kukimbizana ameshalowa kwa ndani.

Na chooni kwanza, kabla ya nguo ya kwanza. Wote, hata anayesema hana.

SWALI: Anti, mama mkwe anaishi nasi. Nampenda, ila baridi ikianza anakuwa mlinzi wa mlango. Anasema watoto wakitoka watapata mafua na nimonia, nywele zikiwa mbichi ndo kabisaa, na eti joto lote la mwili linatokea kichwani. Mdogo ana miezi saba, huyo hata dirishani hatakiwi kusogezwa. Mume wangu kanyamaza kama hayupo. Nimwambieje mama bila kuvunja heshima? – Mke wa Mtoto wa Mama

JIBU: Jina lako limenimaliza, nimecheka mpaka nikaitwa.

Mafua yanaletwa na virusi, na virusi unavitoa kwa watu sio kwenye theluji. Baridi ikija watu wanaugua sana kwa sababu tumejifungia wote ndani, madirisha yamefungwa, tunapumuliana, na hita inaikausha hewa mpaka pua inakauka nayo, na pua kavu haizuii kitu. Lakini mama mkwe msimcheke, hajakosea kila kitu. Virusi vingi vya mafua ya kawaida vinazaana vizuri zaidi kwenye pua iliyopoa, nyuzi 33 hivi, kuliko kwenye 37 za ndani ya mwili. Kwahiyo skafu puani siku ya upepo, hiyo pointi mpe. Nywele mbichi nazo zikaushwe kweli, sio kwa sababu ya nimonia ila kwa sababu ya yale niliyosema juu kuhusu maji. Ila uwanjani hewa inatembea, mtoto anayecheza huko yuko mbali zaidi na kikohozi cha mwenzie kuliko aliyebanwa nae kwenye kochi moja.

Ile ya kichwa sio kweli. Kwa mtu mzima kichwa kinapoteza joto kwa kadiri ya ukubwa wake tu, kama sehemu moja ya kumi hivi. Usimwambie lakini! Kofia ivaliwe, masikio yanaganda haraka, na kwa mtoto mchanga kichwa ni sehemu kubwa ya mwili wake kuliko kwetu.

Huyo wa miezi saba anaweza kutoka, ila yeye hakimbii, amelala tu kwenye kigari, hazalishi joto kama kaka zake. Avae nguo moja zaidi ya uliyovaa wewe na mtembee kidogo tu, dakika 15 au 20 mrudi. Usifunike kigari chote na blanketi kubwa, hewa ndani inakuwa nzito. Ukimbeba kifuani ndani ya jaketi uwe unauona uso wake muda wote, pua wazi, kidevu kisilalie kifua chake. Ukiona kawa mnyonge, analegea, tumbo limekuwa la baridi, ndani haraka, na asipochangamka ni daktari, usisubiri.

Sasa heshima. Kwanza anayetakiwa kusema ni mwenye mama, huyo aliyenyamaza. Pili, mama mpe cheo. Mwambie "mama, mimi shingo za hawa watoto sizijui vizuri, naomba uwe unazikagua wewe kila baada ya dakika kumi." Mlete mlangoni, mpe kiti na blanketi la miguu. Bibi mwenye kazi hafungi mlango, wiki ya pili utamkuta uwanjani kavaa jaketi la mwanae anawafokea watoto kwamba zipu hazijafungwa.

SWALI: Shangazi nipe namba tu. Nyuzi ngapi ndo tunasema leo hapana? – Baba Ratiba

JIBU: Namba moja haipo, baba, kwa sababu ya upepo. Kipimajoto kikisoma hasi 10 na upepo unapiga kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoa kana kwamba ni hasi 20. Hii hesabu ya upepo Kanada na Marekani walianza kutumia fomula yake mpya mwaka 2001, na taarifa nyingi za hali ya hewa zinakuwekea kabisa "inavyosikika", hiyo ndo usome, sio ile kubwa ya juu. Inayosikika ikifika hasi 28 hivi ngozi isiyofunikwa inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Mimi na watoto wadogo, mpaka hasi 10 tunacheza tu na mapumziko ya kupasha mikono, hasi 15 mpaka 20 tunatoka kidogo tunarudi, ikivuka hasi 25 nawaambia leo tunajenga kibanda cha mito sebuleni. Mtoto mwenye pumu huyo punguza zaidi, hewa kavu ya baridi inambana kifua, afunike mdomo kwa skafu na dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni kwako, sio nyumbani.

Na vidole msikilize mtoto anavyosema. Anayesema "vinauma" bado yuko salama, mpeleke ndani. Anayesema "haviumi tena" na hamjaingia ndani, huyo mkimbize. Vitabu vingi vinasema angalia wekundu, kwenye ngozi nyeusi utausubiri sana, wewe tafuta sehemu iliyopauka, ya kijivu kama nta, ngumu, isiyohisi. Usisugue, na usisugue na theluji kabisa sijui nani alianzisha hiyo. Usimsogeze kwenye moto pia, hahisi ataungua. Maji ya vuguvugu, nyuzi 37 hadi 39, pima na kiwiko chako wewe, na pakibaki pagumu au pakitoka malengelenge, hospitali. Mtoto anayetetemeka, anajikwaa, anaongea kama mlevi, joto la mwili limeanza kushuka, na likiwa chini ya 35 hiyo ni dharura. Akiacha kutetemeka kabla hujampasha joto usifurahi, piga simu ya dharura, mvue vilivyolowa, mfunike.

SWALI: Mimi ni baba. Jumamosi nilishuka kilima na binti yangu wa miaka 6 kwa ile sledi ya plastiki ya kutelezea kwenye theluji, nimelala kifudifudi kichwa mbele yeye mgongoni, kama nilivyoona kwenye video. Tukaishia kichakani. Hatujaumia, ila leo siku ya tatu mke wangu haniongeleshi. Kwani kosa ni kubwa hivyo? – Dereva wa Kichaka

JIBU: Ni kubwa. Kichwa mbele maana yake cha kwanza kufika kwenye mti ni kichwa, na mtoto mgongoni anaruka juu yako kama jiwe la manati. Unakaa, miguu mbele, helmeti kichwani, ya baiskeli inafaa kama huna nyingine. Binti wa miaka 6 anaweza kukaa kwenye yake peke yake kilima kikiwa cha upole. Na kilima unakichagua kwa kutazama chini kwanza, sio juu: pale mnapoishia pawe na tambarare ndefu, pasiwe na mti, uzio, barabara wala maji. Mnapanda kwa pembeni, mnashuka katikati. Mfundishe na kujiangusha, akiona haisimami ajibwage ubavuni aiache sledi iende zake, plastiki haina mama. Zile za duara kama sinia ndo sizipendi, zinazunguka hujui unatazama wapi na hazina usukani.

Na kufunga sledi nyuma ya gari nakutajia tu mapema, maana naona una tabia ya video.

Kaombe msamaha, na usianze na neno "lakini".

SWALI: Shangazi, kuna bwawa karibu na kwetu limeganda. Mume wangu anataka tukateleze na watoto, anasema barafu imeshika maana kaona mtu na mbwa wake wamevuka. Mimi roho haitaki. – Mwoga wa Maji

JIBU: Roho yako ina akili. Mbwa sio kipimo, na yule mtu hujui kama kesho atavuka tena.

Barafu inapimwa kwa kutobolewa. Ile safi, ngumu, ya kuona chini, inayoelekea weusi, mtu mmoja kutembea angalau sentimita 10, na mimi kwa watoto nataka 15, mkiwa kundi mnacheza 20. Ile nyeupe kama maziwa imechanganyika na theluji na hewa, nguvu yake ni kama nusu, kwahiyo zidisha mara mbili. Na usitoboe shimo moja ukaridhika, toboa kila mnapoenda, maana bwawa haligandi sawasawa. Palipo na mto unaoingia au kutoka, chini ya daraja, penye matete, ukingoni, ndo pembamba. Theluji ikilala juu ya barafu nayo ni blanketi, inaizuia isinenepe, watu wanadhani ni kinyume. Mto wenye mkondo mimi sikanyagi hata niambiwe nini. Kama hakuna aliyepima, mwambie mumeo mwende kwenye uwanja wa barafu unaosimamiwa, watoto hawaoni tofauti, watoto wanataka kuanguka tu.

Ila hili mlijue wote wawili. Gordon Giesbrecht, profesa wa Chuo Kikuu cha Manitoba huko Kanada aliyejitosa kwenye maji ya barafu mwenyewe mara nyingi kwa ajili ya utafiti, anafundisha namba tatu: 1, 10, 1. Dakika 1 ya kwanza pumzi inakata na kukurupuka, kazi yako ni kutulia tu na kichwa kibaki juu ya maji. Kisha una kama dakika 10 ambazo mikono bado inakutii. Na kama saa 1 kabla hujapoteza fahamu kwa baridi, yaani watu wanakufa kwa kuhangaika vibaya kabla baridi yenyewe haijawaua. Geukia ulikotoka, maana huko barafu ilikubeba, weka mikono juu yake, piga miguu kama unaogelea mwili ulale, jisukume utoke, na ukitoka usisimame, jiviringishe mpaka mbali. Aliye nje asikimbilie shimo. Alale chini, arushe kamba, skafu, tawi, chochote, na mwingine apige simu.

SWALI: Jaketi nene la mtoto na kiti chake cha gari vinaendana? Mikanda inagoma kufunga. – Safari Fupi

JIBU: Haviendani. Hewa iliyo ndani ya jaketi inaminywa gari likigonga, mkanda uliouona umebana unabaki umelegea, mtoto anaponyoka. Mvue jaketi, mfunge kwa sweta tu, bana mkanda begani kwa vidole viwili, ukiweza kuukunja bado umelegea. Ndo umfunike na jaketi kwa mbele, au alivae kinyumenyume. Ndio, atapiga kelele.

SWALI: Shangazi, nina kijana wa miaka 14 na mume wa miaka 43 na siku hizi siwatofautishi. Giza likianza mapema wanalala kwenye kochi na simu, hawataki nje, mume anakula ovyo anasinzia hovyo, anasema hana raha na hajui kwanini. Mwaka jana ilikuwa hivihivi mpaka theluji ilipoyeyuka. Nawatoaje? – Mwenye Makochi Mawili

JIBU: Kijana nitakuja kwake. Mume kwanza, kwa sababu uliposema "mwaka jana hivihivi" nimeweka kalamu chini.

Kuna huzuni inayokuja na msimu, inaondoka na msimu, daktari wa magonjwa ya akili Norman Rosenthal na wenzake waliielezea kwa jina lake mwaka 1984. Kulala sana, kutamani wanga, kujitenga, ndizo dalili zake. Sio uvivu na sio kudeka. Kinachokosekana kikubwa ni mwanga. Sebule yako usiku taa zikiwaka ina laksi (kipimo cha mwanga) mia moja, mia mbili hivi, jicho linadanganywa kwamba kunaonekana vizuri. Nje mchana hata mawingu yamefunga ni elfu moja na kwenda juu, mara nyingi elfu kadhaa. Kwahiyo nusu saa ya kutembea asubuhi au mchana inafanya kazi ambayo balbu haifanyi. Zipo pia taa maalumu za laksi 10,000 ambazo mtu anakaa mbele yake asubuhi kama nusu saa, lakini aende kwa daktari kwanza, hasa kama huko nyuma amewahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, au ana shida ya macho. Na akianza kusema maneno ya kutotaka kuishi, hiyo ni siku hiyohiyo, usingoje miadi.

Akiwa huko huko aulize vitamini D. Jua la msimu huu likiwa chini sana ngozi haitengenezi kitu, kukaa dirishani hakusaidii kwa sababu kioo kinazuia ile miale inayohitajika, na sisi wenye ngozi nyeusi tunahitaji jua zaidi kupata kiasi kilekile. Uingereza wanashauri watu wafikirie mikrogramu 10 kwa siku vuli na baridi yote, mtu asimeze makopo mazima lakini.

Kijana sasa. Neno "matembezi" usilitumie, kwa miaka 14 ni tusi. Mpe kazi yenye koleo. Kusafisha njia ya mlangoni kabla ya saa fulani, na yule mzee jirani pia, na umfundishe kusukuma theluji badala ya kuibeba, mgongo utamshukuru. (Mume mwenye moyo mbovu hiyo koleo asiguse, kazi hiyo katika baridi inapandisha presha ghafla.) Au muachie usiku. Giza unalolilaani wewe yeye analipenda, wape tochi za kichwani washuke na sledi saa kumi na mbili jioni kwenye kilima wanachokijua, uone kama simu haijasahaulika mfukoni. Angalizo moja: asichimbe mapango kwenye lundo la theluji kando ya barabara. Lundo linaporomoka, na dereva wa gari la kusukuma theluji hamwoni aliye ndani.

SWALI: Shangazi nina miaka 52, wajukuu wanateleza kwenye barafu kama samaki mimi nashika uzio nimewabebea mifuko. Natamani lakini naona aibu, nitaanza vipi umri huu, na sijakulia kwenye baridi? – Bibi wa Uzio

JIBU: Dada yangu, Philip Boit alikuwa mkimbiaji wa Kenya, hakuzaliwa na theluji, na mwaka 1998 akasimama kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani, kwenye mbio za skii, zile mbao ndefu za kutelezea theluji, za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho. Bingwa wa mbio zile, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alikuwa ameshamaliza zamani, akamsubiri kwenye mstari akamkumbatia. Boit alivyopata mtoto akamwita Dæhlie. Mwisho wa foleni sio pabaya kivile.

Wewe hata kilomita 10 huhitaji. Kiatu kikubane kifundo cha mguu vizuri, usichukue namba kubwa ili uvae soksi nene, hapo ndo watu wanavunjikia. Helmeti, glovu, na kama unazo pedi za magoti na za mkono weka, aibu ya pedi ni ndogo kuliko ya plasta. Kunja magoti, tazama mbele sio miguuni, tembea kama bata hatua ndogondogo, kuteleza kutakuja kwenyewe. Ukiona unaanguka chuchumaa, angukia ubavuni kwenye nyama, kisha kunja ngumi upesi vidole visipitiwe na viatu vya wajukuu. Tulifundishwa eti barafu inateleza kwa sababu uzito unaiyeyusha, uzito peke yake hautoshi, barafu ina utando mwembamba sana juu yake unaofanana na maji hata kama hakuna aliyeikanyaga. Kwahiyo ukianguka kosa sio uzito wako, waambie hivyo.

Na siku ya jua kali kwenye theluji paka losheni ya jua na vaa miwani myeusi, hata ngozi yetu. Theluji mpya inaweza kurudisha mpaka asilimia 80 ya ile miale inayounguza, unapigwa kutoka juu na kutoka chini, macho ndo yanaumia kwanza, usiku unahisi yana mchanga.

SWALI: Mwanangu wa miaka 5 ameficha mpira wa theluji kwenye friza, anasema ni wa kiangazi. Unachukua nafasi. Niutupe? – Mama Friza

JIBU: Usithubutu. Ila ujue sio theluji tena. Aliuviringisha siku ambayo nje palikuwa karibu na sifuri, ndo maana ulishikana, theluji ya baridi kali ni kavu kama unga haishikani hata uiombe. Yale maji kidogo yaliyoushikanisha sasa yameganda kwenye hasi 18 za friza yako, na huo mpira utakuwa unapungua pole pole na kuzidi kuwa mgumu. Kiangazi atatoa jiwe la barafu. Kwahiyo mwekee kwenye kopo lenye mfuniko, andika jina lake juu, na muahidiane mapema kwamba utayeyushwa kwenye beseni na hautarushwa kwa mtu, hasa baba yake.